Dakta Livingstone na Mvumo wa Masikio

Jina la Dakta David Livingstone si geni kwa msomaji wa pwani. Wengi walilisoma katika vitabu vya skuli, na wengine walilisikia kwa wazee wao. Anajulikana kwa safari zake za bara, kwa kalamu yake iliyopiga vita biashara ya watumwa, na kwa kifo chake cha porini. Lakini iko habari moja katika maisha ya mtu huyu ambayo haisemwi sana, nayo yawahusu watu wengi walioko majumbani mwao leo, tangu Malindi hata Mombasa. Ni habari ya mlio wa sikio.

Mlio huu waujuao ni wenyewe. Hautoki usaha wala hauonekani kwa jicho. Mtu amejikalia, mara husikia kama nyenje ndani ya kichwa, au filimbi ya mbali, au birika linalochemka. Akiziba sikio, sauti yazidi. Akimwuliza jirani, jirani hasikii kitu. Ndipo Waswahili wakanena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa Kibarani, Kilifi, iko skuli ya watoto viziwi, na watu wamezoea kuwaona wakisemezana kwa mikono. Hao wamejulikana udhia wao, wakajengewa mahali pa kusomea. Mwenye sikio linalolia hana alama. Husikia asichokisikia mwenziwe, na akilalamika sana huambiwa ana wasiwasi, au amepandwa na shetani.

KELELE ZA KIWANDA

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini. Alipotimia miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi ikaisha saa mbili usiku. Mtoto yule alinunua kitabu cha Kilatini kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza, akawa anakiegemeza juu ya mashine, akipita asoma sentensi moja, akirudi asoma nyingine, na mitambo yanguruma pande zote.

Baadaye, alipokuwa mtu mzima, alieleza kwamba maisha yale ndiyo yaliyomfunza kuiondoa akili yake katika kelele zilizomzunguka. Aliweza kusoma na kuandika watoto wakicheza karibu naye, au ngoma ikichezwa usiku kucha penye kambi yake. Nakuomba msomaji uyaweke maneno haya akilini, maana tutayarudia.

Kutoka kiwandani alijisomesha udaktari, akapata cheti chake mjini Glasgow mwaka 1840, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini akiwa mmisionari. Mwaka 1844 simba alimrukia huko Mabotsa akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto, mkono ambao haukupona sawasawa mpaka alipokufa. Mwaka 1845 akamwoa Mary Moffat. Kati ya mwaka 1853 na 1856 akavuka bara kutoka Linyanti mpaka Luanda, kisha akarudi akatokea Quelimane kwenye Bahari ya Hindi. Katika safari hiyo homa ilimwangusha zaidi ya mara 20.

DAWA YA HOMA

Wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua kwamba malaria yaletwa na mbu. Mdudu wa ugonjwa huo aligunduliwa na Laveran mwaka 1880, na habari ya mbu ikathibitishwa na Ross mwaka 1897. Hata hivyo dawa ilikuwapo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikuwa wamekwisha kuitoa kwinini katika maganda ya mti wa Amerika ya Kusini. Wazungu wengi waliinywa kidogo kidogo kwa woga, na wengi walikufa.

Livingstone alikuwa na njia yake. Alichanganya kwinini na haluli kali za namna tatu, ikiwamo dawa ya zebaki, akatengeneza vidonge. Mgonjwa akimeza, tumbo likafunguka, ndipo huongezewa kwinini peke yake. Je, alijuaje kwamba kwinini imetosha? Kwa masikio. Mgonjwa hupewa dawa mpaka masikio yavume, au usikivu upungue. Mvumo ule ndio uliokuwa mizani ya daktari asiye na mizani. Njia hiyo aliitumia katika safari ya Mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na mwaka 1861 maelezo yake yalichapishwa katika jarida la madaktari la London liitwalo Lancet. Vidonge vile vikajulikana kwa jina lake, na baada ya kufa kwake vikauzwa na kampuni ya Burroughs Wellcome.

Sababu ya mvumo ule leo yafahamika. Ndani ya sikio mna kijumba kilichojikunja mfano wa konokono, na ndani yake mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kwinini huvisumbua vinyweleo hivyo, na ubongo ukikosa habari zake za kawaida hujitilia sauti yake wenyewe. Dawa ikitoka mwilini, aghalabu sauti hunyamaza. Wasomaji wa makamo waliopata kumeza kwinini kwa homa wanalikumbuka jambo hili vizuri. Uchungu wa dawa ulikuwa ulimini, na nyenje masikioni.

Hata hivyo kwinini haikuponya kila mtu. Tarehe 27 Aprili 1862 Mary, mkewe, alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya Zambezi, na dawa ya mumewe imo chumbani.

SANDUKU LILILOPOTEA

Safari ya mwisho ya Livingstone ilianzia kwetu pwani. Alifika Unguja Januari 1866, Sayyid Majid akampokea kwa hishima, akampa nyumba ya kukaa na barua ya kumjulisha kwa wafanya biashara wa bara. Mwezi wa Machi akashuka Mikindani na watu mchanganyiko: askari wa Kihindi, watu wa Nzuani, vijana waliosomeshwa Nasik huko Bara Hindi, na wengineo. Kabla mwaka haujesha, watu wa Nzuani walikuwa wamemkimbia, wakarudi pwani na uwongo kwamba ameuawa.

Kisha ikaja tarehe 20 Januari 1867. Wapagazi wawili walitoroka mwituni na mizigo, na katika mizigo ile mlikuwamo sanduku la dawa. Kwinini yote ikaenda. Livingstone, mtu aliyekwisha kuwaona wengi wakifa kwa homa, akajiona kama aliyesomewa hukumu ya kifo.

Miezi miwili haikupita homa ikamjia. Mwezi wa Machi aliandika katika daftari lake kwamba kila hatua yamtikisa kifuani, kwamba yeye aliyezoea kutangulia msafara sasa hawezi kuufuata, na kwamba masikio yake yaimba bila kukoma, hata hasikii vizuri mdundo wa saa zake kubwa za safari.

Tuyatazame vyema mambo haya. Kwa miaka mingi mvumo wa masikio ulikuwa kwake ni bishara njema, alama kwamba dawa imeingia. Sasa dawa haimo mwilini, haimo sandukuni, haimo katika nchi nzima ile, na mvumo upo. Madaktari wa leo watasema kwamba homa kali na upungufu wa damu vyaweza kumliza mtu sikio. Lakini yeye alikuwa peke yake, hana tabibu wa kumwuliza ila nafsi yake. Alifanya nini? Aliuandika mlio ule pamoja na maradhi yake mengine, kisha akaamka asubuhi akaendelea. Mwezi uliofuata, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, alizimia akawa agaagaa nje ya kibanda chake. Mwezi wa Novemba alikuwa Ziwa Mweru, na Julai 1868 Bangweulu.

Wala hakwenda kwa nguvu zake tu. Haki isemwe: mtu huyu aliyeichukia biashara ya watumwa aliokolewa mara nyingi na wafanya biashara wa pwani. Mwaka 1867 alikutana na Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, akapata msaada wake. Januari 1869, mapafu yalipomshika akawa hawezi kusimama, Muhammad bin Gharib alimtia katika machela akamchukua mpaka Tanganyika, akimpa dawa njiani. Na haki isemwe upande wa pili pia: Julai 1871 alishuhudia huko Nyangwe watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume sokoni, wakafa mamia. Habari yake ya mauaji yale iliwashtua Waingereza, na Juni 1873 Sayyid Barghash akatia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja.

KUISHI NA MLIO

Sasa turudi kwa mwenye mlio wa leo. Wazee wetu walisema sikio likilia, watajwa mahali. Imepokewa pia kwamba mtu akiliwa na sikio amsalie Mtume (S.A.W.), na ingawa mabingwa wengi wa hadithi wameidhoofisha riwaya hiyo, kumsalia Mtume ni kheri wakati wowote. Lakini dini yetu haikutukataza tabibu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitenga fasili nzima ya mlio na mvumo wa masikio katika kitabu chake cha Qanun, akautazama kama maradhi mengine yenye sababu zake.

Mwenye mlio na aende hospitali kwanza. Pengine ni nta iliyoganda tu. Pengine ni dawa anayotumia, maana aspirini nyingi hufanya hivyo, na baadhi ya sindano kama streptomaisini zaweza kudhuru sikio moja kwa moja. Mlio wa sikio moja tu, au unaopiga pamoja na moyo, au uliokuja na kisunzi au uziwi wa ghafla, huo usingojewe hata wiki.

Lakini wako wengi wanaopimwa wasionekane na kitu, nami ni mmoja wao. Sikio langu la kushoto lalia mwaka wa sita huu. Tulioachiwa mlio bila sababu hatuna kidonge. Tulicho nacho ndicho alichojifunza mtoto wa Blantyre penye mashine. Madaktari wameona kwamba ubongo waweza kuzoezwa kuupuuza mlio, kama vile mkaa pwani asivyousikia tena mvumo wa mawimbi. Kimya kitupu ni adui, kwa hivyo usiku huachwa redio ndogo ikisema chini, au dirisha wazi upepo uingie. Kazi ya mikono yasaidia, kisomo chasaidia, na usingizi ni dawa kubwa. Wasiwasi huupa mlio nguvu, na anayeukalia kuusikiliza huuona umekua.

Kwinini nayo imepunguziwa kazi. Si mbali na Kibarani, mjini Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI kinafanya kazi tangu mwaka 1989 kwa msaada wa wakfu ulioachwa na Henry Wellcome, yule yule ambaye kampuni yake iliuza vidonge vya Livingstone. Kilifi ilikuwamo katika uchunguzi wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2010 katika Lancet ile ile. Kwa kila watoto 100, walikufa karibu 11 waliopewa kwinini, na hawakutimia 9 waliopewa atesuneti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza atesuneti itangulie.

MWISHO WAKE

Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji, akamletea chakula, barua na dawa. Walipoagana Tabora Machi 1872, Livingstone alikataa kurudi kwao. Alifariki mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakauchukua zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili akazikwa London, katika Westminster Abbey.

Kabla ya kuzikwa, madaktari walitaka hakika kwamba maiti ni yake. Waliupapasa mkono wa kushoto wakauona mfupa uliovunjwa na simba, wakamtambua. Mlio wa masikio haukuacha mfupa. Twaujua kwa sababu mwenyewe aliutaja, katika mwezi aliokuwa dhaifu sana, akaupa mstari mmoja wa daftari lake. Nawe mwenye kuvumiwa na masikio, utaje kwa tabibu na kwa watu wa nyumbani mwako. Mficha maradhi kifo humuumbua.