Mikono ya Papwa Sewgolum

Juzi nilikuwa gatini Mokowe nikingoja mashua ya kuvukia Amu. Chini ya mwarobaini kijana mmoja alikuwa akipiga vidaka vya mnazi kwa gongo la mkoko, akivirusha upande wa bahari. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka juu na wa kushoto chini, kinyume cha wapigaji gofu tuwaonao kwenye televisheni. Ami mmoja niliyeketi naye alimkemea aigeuze mikono yake. Nilimwomba ami amwache, nikamhadithia habari za marehemu Papwa Sewgolum wa Durban. Msomaji mpenzi, nawe zipokee.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Mpigaji wa kulia aghalabu hushika fimbo mkono wa kushoto ukiwa juu na wa kulia chini yake. Siri ya pigo haiko katika nguvu za mabega bali katika kuiachilia fimbo. Fimbo ikishuka, viwiko vya mikono hubaki vimekunjwa. Ikifika penye mpira ndipo vikunjuke, na mkono wa kulia upinduke juu ya wa kushoto. Akikunjua mapema, nguvu zote zimekwisha kabla ya mpira. Akikaza vidole kwa hofu, mikono haipinduki, na mpira hukimbilia kulia. Mvuvi wa kimia atanielewa: asiyeachilia kwa wakati wake, kimia humwangukia miguuni.

Sasa Papwa alikuwa mtoto wa Kihindi, fakiri, asiyejua kusoma wala kuandika. Aliujua mchezo kwa kuwabebea wazungu fimbo zao na kuwatazama. Hakupata mwalimu wa kumsahihisha, basi akashika kinyume, kushoto chini na kulia juu, na hivyo akashika maisha yake yote. Mabingwa walistaajabu, maana kwa mshiko ule wengine hawawezi hata kuugusa mpira sawasawa. Lakini mikono yake ilikuwa imejifunza yenyewe ni lini ikaze na ni lini iachilie.

Mwaka 1959 tajiri aliyemwajiri, Graham Wulff, mvumbuzi wa mafuta ya uso ya Oil of Olay, alimpeleka Ulaya. Mwaka huohuo Papwa akatwaa ubingwa wa wazi wa Uholanzi. Akautwaa tena mwaka 1960, na mara ya tatu mwaka 1964. Ughaibuni alipokewa kama bingwa. Kwao hakuruhusiwa hata kuketi katika jumba la klabu, kwani sheria za ubaguzi zililiweka kwa wazungu peke yao.

Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal, mjini Durban, mbele ya wazungu aliocheza nao. Mvua ilikuwa ikinyesha. Wazungu walikuwa ndani, naye bingwa akakabidhiwa kombe lake nje, mvuani. Picha ya tukio lile ilienea ulimwenguni, na wengi wakaona kwa macho yao ubaguzi ulivyo. Mwaka 1965 akashinda tena Natal, na safari hii aliyebaki nyuma yake alikuwa Gary Player mwenyewe, bingwa wa dunia. Lo! Badala ya kumtukuza, serikali ikamfungia milango: akazuiwa mashindano ya nchini mwake, na pasipoti ikachukuliwa. Mikono ile ikakosa pa kupigia. Alifariki mwaka 1978, bado fakiri, ubaguzi ukiwa ungali na miaka kumi na sita ya kuishi.

Leo mjini Durban uko uwanja wa gofu unaoitwa kwa jina lake. Ni heshima njema, ila jina ubaoni halimrudishii mtu miaka yake.

Sisi tuliolelewa chuoni tulifunzwa mapema kwamba katika safu ya sala bega la tajiri hugusa bega la maskini, na hakuna anayeambiwa asali nje mvuani. Lakini tusijisifu upesi. Mara ngapi nasi humfukuza mtoto kwa sababu tu anashika jambo kinyume cha tulivyozoea? Nakumbuka mwenzangu mmoja wa chuoni aliyeshika kalamu vibaya, akapigwa vidole kila siku hata akaacha kuandika kabisa. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko zetu sote.

Ami alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita yule kijana. Nilidhani atamkemea tena. Akamwambia tu alegeze vidole kidogo, maana alikuwa akilikaza gongo kama anayeogopa kunyang'anywa. Kijana akalegeza, akapiga. Kidaka kilipita juu ya mashua zote zilizofungwa gatini, kikaangukia maji ya mkondoni.