Joginder Singh: Mwana wa Kericho aliyetwaa Safari Rally kwa gari la mtumba

MWENYE gari katika soko la Ikonge, Kaunti ya Nyamira, hahitaji kufundishwa thamani ya springi na shoki. Barabara za vilima vya Gusii hupanda na kushuka, na mvua ya alasiri inaponyesha, udongo mwekundu huteleza kama sabuni na kuacha mashimo ambayo asubuhi hayakuwapo.

Ndiyo sababu wenye magari wengi wa sehemu hizo hawaridhiki na vyuma vilivyotoka kiwandani. Huliinua gari, wakatia springi nzito zaidi, wakabadilisha shoki, kisha wakangoja kuona iwapo fedha zao zimekwenda na maji. Kijana anayetaka gari la kumpeleka kazini Jumatatu na kwenye mashindano Jumapili hukabiliwa na mtihani mgumu zaidi, kwa maana kinachofaa huku huharibu kule.

Ng'ambo ya mpaka wa kaunti hiyo, mjini Kericho, alizaliwa mtu aliyeutolea mtihani huo jibu ambalo halijasahaulika. Huyo ni marehemu Joginder Singh, fundi na dereva aliyeshinda mashindano ya Safari Rally mara tatu.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932, akiwa kifungua mimba wa Battan Singh na mkewe Swaran Kaur. Familia hiyo ilikuwa ya Kalasinga, jamii yenye asili ya Punjab ambayo watu wake walisifika kote Afrika Mashariki kwa ufundi wa reli, useremala, uashi na mitambo.

Baba yake alikuwa na gereji, na hapo ndipo mtoto huyo alipopata elimu iliyomfaa kuliko nyingine. Kericho ya enzi hizo ilikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya majani chai. Kipuri kilichovunjika hakikuweza kuagizwa kikafika jioni ile ile. Fundi alilazimika kukichunguza, akajua kwa nini kimevunjika, akakichomelea au akabuni kingine.

Mazoea hayo ya kuuliza sababu kabla ya kushika spana ndiyo yaliyomtofautisha baadaye na madereva waliojua kukanyaga mafuta tu.

Mashindano yasiyo na uwanja

Safari Rally ilianzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Kwa miaka mingi ilifanyika wakati wa Pasaka, msimu wa mvua za masika, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana.

Hapakuwa na uwanja wala barabara iliyofungwa. Washindani walipita katika njia zile zile za mabasi, malori, baiskeli na ng'ombe. Mshindani alitoka kwenye lami akaingia kwenye vumbi, akatoka kwenye vumbi akaingia kwenye tope, na gari lake lilikuwa ni lile moja tu.

Hapo ndipo uchaguzi wa springi na shoki ulipokuwa jambo la kufa na kupona. Kazi ya springi ni kubeba uzito wa gari na kulipokea pigo la barabara. Kazi ya shoki ni kulituliza gari baada ya pigo hilo, lisiendelee kurukaruka hata tairi zikakosa kushika ardhi.

Mtu asiyejua hudhani kwamba springi ikiwa ngumu zaidi ndivyo inavyokuwa bora. Sivyo. Springi ngumu mno hulirusha gurudumu hewani kila lipitapo kwenye matuta madogo, na gurudumu lililo hewani halisukumi gari wala halilisimamishi. Tena pigo ambalo springi imekataa kulimeza huhamia kwenye bodi, na bodi ikaanza kupasuka pale ilipochomelewa.

Springi laini mno nayo ina balaa lake. Gari likipakiwa mafuta, tairi za akiba na vyombo vya kazi, tumbo lake hukaribia ardhi, na shimo la kwanza likagonga chuma kwa chuma. Kuliinua gari huliepusha na mawe, lakini huongeza kuyumba kwenye kona.

Shoki zina siri yake pia. Ndani yake mna mafuta yanayosukumwa katika matundu membamba. Zinapofanya kazi kwa saa nyingi bila kupumzika, mafuta hayo huchemka, nguvu zikapungua, na gari likaanza kuyumba kama mashua. Shoki iliyofanya vyema katika mwendo wa dakika kumi inaweza kumwaibisha mwenyewe baada ya usiku mmoja.

Kwa hiyo hakuna kipuri kinachochaguliwa peke yake. Anayebadilisha springi hana budi kutafuta shoki zinazolingana nazo, na anayebadilisha vyote viwili hana budi kuziangalia bushi na mahali vyuma hivyo vinapofungiwa, kwani nguvu iliyoongezwa huenda kutafuta penye udhaifu.

Ushindi wa 1965

Joginder alijitosa katika Safari mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuwa na kiwanda nyuma yake.

Wakati huo kampuni za Ulaya zilikuwa zimekwisha kutambua kwamba jina lililoshinda Afrika Mashariki liliuza magari duniani kote. Zilileta madereva mashuhuri, mafundi na shehena za vipuri. Volvo ya Uswidi ilikuwa miongoni mwa zilizojaribu bahati mwaka wa 1964, na haikuambulia ushindi.

Moja ya magari hayo, aina ya PV544, lilibaki nchini na kuangukia mikononi mwa Joginder. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika, na umbo lake lilitokana na mchoro uliozinduliwa tangu mwaka wa 1944. Mtu aliyetazama rangi na umbo tu angeliona kuwa gari la mzee wa kwenda kanisani.

Macho ya fundi yaliona mengine. Bodi yake ilikuwa imara. Springi zake za mbele na za nyuma zilikuwa za kujiviringisha, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa kila gari la zama zile, na ekseli yake ya nyuma ilikuwa nzima na ya kutegemewa. Joginder alilitengeneza upya gari hilo nchini, na nduguye Jaswant akawa mwelekezi wake.

Kilichokuwa hatarini hakikuwa kikombe tu. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu kupata uhuru, na Wakenya wenye asili ya Asia walikuwa wakijiuliza nafasi yao katika taifa jipya. Laiti gari lile la mtumba lingekwama matopeni, ndugu hao wangerudi nyumbani wakiwa na madeni na mzaha wa watu.

Halikukwama. Pasaka ya mwaka wa 1965, Joginder na Jaswant waliyapita magari ya viwanda na kufika Nairobi wakiwa washindi. Gari ambalo wenyewe walioliunda walishindwa kulipa ushindi, sasa lilikuwa la kwanza chini ya uangalizi wa fundi wa Kericho.

Tangu siku hiyo alipata jina la utani lililomwita Kalasinga anayepaa. Jina hilo lilimsifu kwa kasi, ingawa kwa wajuzi sifa yake kuu ilikuwa kulifikisha gari.

Porsche yavunjika, Lancer yafika

Miaka iliyofuata ilimjaribu kwa subira. Mwaka wa 1969 alimaliza wa pili kwa Volvo, na mwaka wa 1970 akamaliza tena wa pili, safari hii kwa Datsun. Mwaka wa 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari, na wengi wakaona kwamba zama za mafundi wa nyumbani zimekwisha.

Mwaka wa 1974 Joginder alirudi na Mitsubishi Lancer, gari dogo lenye injini ya lita 1.6, akielekezwa na David Doig. Springi zake za nyuma zilikuwa za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ufundi wa kale ambao gereji yoyote ya mashambani iliuelewa.

Mbele yake alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche 911, gari lenye nguvu na kasi ambayo Lancer haikuweza kushindana nayo. Mswidi huyo aliongoza mpaka ushindi ukaonekana wake. Kisha sehemu inayoshikilia gurudumu la Porsche ikavunjika, muda ukapotea katika matengenezo, na Joginder akapita. Waldegård alimaliza wa pili.

Wapo waliosema ilikuwa bahati. Lakini bahati ya namna hiyo humfikia tu yule ambaye gari lake bado linatembea, na barabara iliyoivunja Porsche ndiyo hiyo hiyo iliyopitwa na Lancer.

Mwaka wa 1976 hapakuwa na la kubishania. Lancer tatu zilitwaa nafasi tatu za kwanza: Joginder na Doig mbele, Robin Ulyate akifuata, na Andrew Cowan wa Uskoti nyuma yao. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilikuja kuvunjwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyefikisha ushindi wa tano mwaka wa 1982.

Hata hivyo, hesabu inayoeleza zaidi tabia ya Joginder ni nyingine. Katika Safari 22 alizoshiriki, alifika mwisho mara 19. Katika mashindano ambayo mara nyingi magari mengi zaidi yaliachwa njiani kuliko yaliyorudi Nairobi, hesabu hiyo haiwezi kuitwa bahati.

Buriani

Joginder Singh alifariki dunia jijini London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari aliyoijua yeye ilikuwa imekwisha kutoweka. Kenya iliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, na iliporejea mwaka wa 2021, makao yake yakiwa Naivasha, magari yalishindana katika sehemu fupi zilizofungwa kwa wasafiri wengine.

Barabara za Kericho na Nyamira hazikufungwa. Huko gari bado hubeba ndizi, abiria na mwanafunzi anayerudi shuleni, kisha likatakiwa kupanda mlima katika tope la jioni.

Kwa kijana wa Ikonge mwenye fedha kidogo na tamaa kubwa, maisha ya mzee huyo yanaonyesha pa kuanzia. Aanze kwa kuingia chini ya gari, atazame bushi zilizokwisha na shoki zinazovuja, ajue gari hubeba uzito gani na hupita wapi siku nyingi za juma. Baada ya hapo ndipo aende dukani. Springi ya bei ghali isiyolingana na barabara ya mwenyewe haimwongezei mwendo, bali humwongezea safari za kwenda gereji.