John Browning, fundi aliyeipima gesi ya bunduki

John Moses Browning alizaliwa mwaka 1855 mjini Ogden, Utah, nchini Marekani, akakulia katika karakana ya baba yake, fundi wa bunduki.

Mwaka 1889, alipokuwa katika mazoezi ya shabaha, aliona majani yaliyo mbele ya mtutu yakilala kila risasi ilipotoka. Nguvu hiyo ilikuwa gesi ya baruti, nayo ilipotea bure. Browning akatoboa mtutu karibu na mdomo wake, akaiongoza gesi isukume wenzo wa kutoa ganda na kupakia risasi nyingine. Ndivyo ilivyozaliwa bunduki ya rashasha ya Colt ya mwaka 1895.

Ugumu ulikuwa katika kipimo. Gesi ikipungua, ganda hukwama. Ikizidi, vyuma hugongana na kuchakaa upesi. Katika bunduki yake ya kijeshi ya mwaka 1918 aliweka kidhibiti chenye matundu matatu, ili askari achague lililo kubwa zaidi masizi yanapoziba njia.

Ajabu ni kwamba wawindaji hakuwapa gesi. Bunduki yao ya kujipakia, iliyouzwa na Remington kuanzia mwaka 1906, ilitumia teke la risasi, mtutu wenyewe ukirudi nyuma ndani ya mrija. Tundu la kuzibwa na masizi halikuwapo.

Browning alifariki dunia Novemba 26, 1926, akiwa kazini kiwandani karibu na Liège, Ubelgiji. Bunduki ya uwindaji ya mwaka 1967, iliyobuniwa na mjukuu wake Bruce, iliirudia gesi.