Saigō Takamori na Visiwa vya Miwa

Wageni wazuruo Kagoshima, kusini mwa Japani, huonyeshwa pango la Shiroyama, alimokaa Saigō Takamori siku zake za mwisho kabla ya kufa tarehe 24 Septemba, 1877. Sisi twaona maisha ya samurai huyo, aliyezaliwa mwaka 1828, yafaa kusomwa kuanzia visiwani.

Mwaka 1859 watawala wake wa Satsuma walimpeleka Amami Ōshima. Huko aliwakuta wakulima wakilazimishwa kulima miwa, na sukari yao ikichukuliwa na watawala hao hao. Alimwoa Aikana, binti wa kisiwani, akazaa naye watoto wawili; aliporudishwa, mkewe hakuruhusiwa kumfuata. Mwaka 1862 alihamishiwa Okinoerabu, akafungwa katika kizimba kisichozuia mvua wala upepo.

Mwaka 1868 ndiye aliyeafikiana na wakubwa wa Edo, mji ukasalimu amri bila vita. Alijiuzulu serikalini mwaka 1873. Mwaka 1877, mwaka wa uasi wake, wajumbe wa Amami walifika Kagoshima kudai uhuru wa kuuza sukari yao. Walitiwa gerezani, na baadhi yao wakapelekwa vitani upande wa Saigō.