Henry Cort: Mtu wa nondo aliyefilisiwa na mtaji wa kukopa

MTU anayepita soko la Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, hawezi kukosa kuona kazi ya chuma. Mkokoteni uliobeba ndizi, trela la trekta, geti la duka, jembe la kukokotwa na ng'ombe, nondo zinazochomoza juu ya nyumba ambayo haijakwisha. Sehemu kubwa ya chuma hicho ilianza safari kiwandani ikiwa kipande chekundu kinachopita katikati ya rola mbili nzito. Wafanyabiashara wanaijua bei ya engo na flati kwa milimita, lakini jina la mtu aliyeifanya kazi hiyo kuwa ya kibiashara halisikiki sana hapa kwetu. Aliitwa Henry Cort, Mwingereza, na maisha yake yanamhusu kila anayeendesha biashara kwa fedha ya mtu mwingine.

Cort alizaliwa karibu mwaka 1740. Hakuanza kama fundi. Akiwa kijana alifanya kazi London kama wakala wa maofisa wa Jeshi la Wanamaji, akiwafuatilia mishahara na malipo yao serikalini na kupata kamisheni yake. Mwaka 1768 alioa mke wake wa pili, Elizabeth Heysham, ambaye ndugu zake walikuwa na biashara ya vifaa vya chuma huko Gosport, jirani na bandari ya kijeshi ya Portsmouth. Biashara hiyo ikaja mikononi mwa Cort katika miaka ya 1770, na pamoja nayo kiwanda kidogo cha chuma cha Fontley, karibu na mji wa Fareham, kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe tele na madini ya chuma, lakini chuma kizuri cha kufulia ilikinunua Sweden na Urusi. Chuma cha nyumbani kilikuwa na takataka nyingi na kilivunjika vibaya. Ili kukisafisha, wafuaji walikichoma kwa mkaa wa kuni na kukipiga kwa nyundo kubwa iliyoendeshwa na maji, pigo baada ya pigo. Misitu ilikuwa inakwisha, na nyundo ilikuwa na mwendo wa kobe.

Cort alikuwa na mkataba na Jeshi la Wanamaji wa kupokea vyuma chakavu vya bandarini na kurudisha vyuma vipya. Masharti hayakuwa mazuri kwake, na hapo ndipo alipolazimika kutafuta njia ya kufanya kazi nyingi kwa gharama ndogo. Mwaka 1783 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa namna yake ya kufunga vipande vya chuma pamoja, kuvichoma hadi viwe vyeupe kwa moto, na kuvipitisha kwenye rola zilizochongwa mifereji. Mwaka 1784 akapata hataza ya pili, ya tanuri ambalo moto wa makaa ya mawe hauchanganyiki na chuma. Fundi alikikoroga chuma kilichoyeyuka kwa fimbo ndefu, na kadiri kaboni ilivyoungua ndivyo chuma kilivyozidi kuwa kizito. Anayejua kusonga ugali anaelewa dakika ile mwiko unapoanza kukataa; kazi ya fundi yule ilikuwa hiyo, ila sufuria lake lilikuwa na joto la kuyeyusha chuma.

Tusimame kidogo kwenye rola, kwa sababu ndizo zinazotuhusu hadi leo. Mfano mzuri ni mashine ya kukamulia miwa. Muwa unaingia mnene, unatoka bapa, na juisi inamwagika chini. Rola za Cort zilifanya hivyo hivyo: takataka zilizoyeyuka ndani ya chuma zilikamuliwa nje, na papo hapo chuma kikapata umbo la mfereji kilimopita. Mfereji wa duara ukatoa fito za duara, wa mraba ukatoa za mraba. Rola zisizo na mifereji zikatoa mabamba. Inaelezwa kuwa kwa saa 12 rola ziliweza kutoa takribani tani 15 za chuma, wakati nyundo ilitoa tani moja.

Kwa nini lazima kiwe cha moto? Chuma cha pua cha siku hizi huchomwa hadi nyuzijoto 1,100 au 1,200 na zaidi kidogo. Katika joto hilo ni laini, na chembe zake zikishafinywa hujipanga upya mara moja, hivyo chuma hakipati ufa wala hakiwi kigumu na chenye kukatika. Hakifinywi mara moja tu. Kinapita kwenye rola mara nyingi, kila mara mwanya ukiwa mdogo zaidi, na kwa kuwa ujazo haupotei, unene ukipungua urefu unaongezeka. Pima mwenyewe: gogo la chuma lenye upana wa sentimita 10 kwa 10 na urefu wa mita 3, likifinywa hadi kuwa nondo ya milimita 12, linafikia urefu wa mita 265 hivi. Hizo ni nondo 22 za mita 12. Mihimili yenye umbo la herufi I hupatikana kwa njia hiyo hiyo, gogo likipita kwenye mifereji inayobadilika taratibu hadi mabawa yake yakamilike. Magamba ya rangi ya bluu nyeusi unayoyaona kwenye engo mpya ni alama ya moto huo, na yasipokwanguliwa vizuri rangi hubanduka nayo.

Mfereji wa mwisho ndio unaoamua unene, na hapa mnunuzi afungue macho. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 10.7 hivi. Ikipungua sana hapo, imepitishwa kwenye mfereji mdogo kuliko jina lililoandikwa kwenye risiti. Mizani ya kupimia mahindi inatosha kumaliza ubishi.

Cort hakuwa wa kwanza kuwaza rola. Msweden Christopher Polhem alizitumia miongo mingi kabla yake, na John Purnell alipata hataza ya rola za mifereji mwaka 1766. Mchango wa Cort ulikuwa kuziunganisha kazi mbili, tanuri na rola, zikawa mfululizo mmoja. Na hata hilo lina mjadala. Mwaka 2023 mtafiti wa London, Jenny Bulstrode, aliandika kwamba ujuzi wa rola ulitoka kwa mafundi Weusi 76, wengi wao watumwa waliotolewa Afrika, katika kiwanda cha chuma cha Jamaica kilichobomolewa mwaka 1782. Wanahistoria wengine walimjibu kwa ukali kuwa hati alizozitegemea hazithibitishi kwamba Cort alipata habari zozote za kiwanda hicho. Kwa maoni ya mwandishi, daraja kati ya Jamaica na Fontley bado halijajengwa. Lakini kwamba Waafrika walikuwa mabingwa wa chuma hakuna haja ya kubishana: mkoani Kagera watafiti wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 1,500.

Sasa turudi kwenye fedha. Majaribio ya Cort yalihitaji mtaji ambao hakuwa nao. Aliyempatia ni Adam Jellicoe, ofisa mkubwa katika ofisi ya malipo ya Jeshi la Wanamaji. Jellicoe alimkopesha zaidi ya pauni 27,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Naye Cort alimwingiza Samuel, mtoto wa Jellicoe, kuwa mshirika wa nusu ya faida, na akaziweka hataza zake dhamana. Mambo yakaenda vizuri. Jeshi lilipima chuma chake na kukiona kinafaa. Mwaka 1787 Richard Crawshay, mwenye kiwanda cha Cyfarthfa huko Wales, alikubali kutumia njia hiyo na kulipa mrabaha wa shilingi 10 kwa kila tani. Wengine wakafuata. Cort alikuwa karibu kuvuna.

Agosti 1789 Jellicoe akafariki ghafla. Vitabu vilipofunguliwa ikagundulika kwamba fedha alizokuwa akikopesha zilikuwa za mishahara ya mabaharia, mali ya serikali. Serikali ikadai chake. Ikachukua kiwanda, akiba ya chuma na zile hataza. Cort akatangazwa muflisi. La ajabu ni kwamba Samuel, mtoto wa mwizi, ndiye aliyeachiwa kuendesha kiwanda cha Fontley, na serikali iliyozishika hataza haikujishughulisha kukusanya mrabaha. Wenye viwanda wakatumia njia ya Cort bure hadi muda wa hataza ulipokwisha. Mkuu wa ofisi ile ya malipo, Henry Dundas, alishitakiwa bungeni mwaka 1806 kwa matumizi mabaya ya fedha hizo za Wanamaji, akaachiwa huru.

Uzalishaji wa chuma ghafi Uingereza uliokuwa takribani tani 68,000 mwaka 1788 ulipita tani 250,000 mwaka 1806. Injini za mvuke na makaa ya koki zilichangia sana, lakini bila tanuri na rola za Cort chuma hicho kisingepata pa kwenda. Baadaye zikaja reli za kufinywa kwa rola, kisha mihimili ya I katika Ufaransa na Ubelgiji kwenye miaka ya 1840, kisha chuma cha pua cha bei nafuu baada ya Henry Bessemer mwaka 1856. Reli iliyofika Arusha kutoka Moshi mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitoka kwenye mifereji ya aina hiyo, na Tanga ilipata kiwanda chake cha nondo mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mwaka 1794 serikali ilimpa Cort pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, ambayo makato yaliipunguza hadi kama 160. Alifariki mwaka 1800 na kuzikwa Hampstead, London, akiacha mjane na watoto wengi. Mwaka 1811 wenye viwanda walichangishana, wakapata pauni 871 kwa ajili ya familia. Mjane alipofariki, mabinti wawili wasioolewa walipewa pauni 25 kila mmoja kwa mwaka. Kwa kiwango cha shilingi 10, huo ni mrabaha wa tani 50. Cyfarthfa, ambayo kabla ya Cort ilitoa tani 10 kwa wiki, ilikuwa imefikia tani 200.