Sandow: Mwili ni Amana

Vijana wetu wapendao kuliona tumbo limegawika mafungu mafungu huenda hawamjui mmoja wa waliolifanya jambo hilo litamaniwe. Naye ni Eugen Sandow, aliyezaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg, Prussia, kwa jina la Friedrich Wilhelm Müller.

Kwanza alijulikana kwa kunyanyua vyuma. Alipofika Chicago mwaka 1893, Florenz Ziegfeld, aliyempangia maonyesho, alitambua kuwa watazamaji walivutiwa na misuli yake kuliko uzito alioubeba. Tangu hapo Sandow akawa husimama jukwaani mfano wa sanamu za Wayunani, misuli ya tumbo ikihesabika.

Lakini siri haikuwa jukwaani. Alifundisha watu kutumia vyuma vyepesi, nyumbani, kila siku, na kila msuli upate zamu yake. Mwaka 1901 aliandaa mashindano ya miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na Arthur Conan Doyle alikuwa miongoni mwa waamuzi.

Sandow alifariki mwaka 1925, umri miaka 58. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe.

Naam, msomaji, mwili ni amana: hutunzwa kwa kazi ya kila siku, kisha hurejeshwa kwa Mwenyewe.