George Ellery Hale

George Ellery Hale (Chicago, 29 Juni 1868 – Pasadena, 21 Februari 1938) alikuwa mwanaastronomia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kugundua kwamba madoa ya Jua yana sumaku. Kabla yake hakuna aliyewahi kuthibitisha uga wa sumaku kwenye gimba lolote la angani nje ya Dunia.

Baba yake, mtengenezaji wa lifti, alimnunulia vifaa vya kuchunguzia Jua tangu ujana. Hale alibuni chombo cha kupiga picha ya Jua kwa rangi moja tu ya nuru, na mwaka 1904 alianzisha paoneaanga ya Mount Wilson huko Kalifornia.

Mwaka 1908 picha zake zilionyesha gesi ya hidrojeni ikiwa na umbo la kimbunga kuzunguka madoa. Alifikiri kwamba chembe zenye chaji zikizunguka hivyo huzaa sumaku, kama umeme unavyofanya ndani ya koili. Maelezo hayo ya vimbunga hayakudumu, lakini yalimwelekeza mahali penyewe. Mholanzi Pieter Zeeman alikuwa ameonyesha mwaka 1896 kwamba sumaku hugawanya mistari ya spektra. Katika madoa mistari kadhaa ilionekana imegawanyika kweli, ila hilo peke yake halikutosha kuwa ushahidi. Sumaku hufanya jambo la ziada: inaipolaraizi nuru, yaani mawimbi ya sehemu moja ya mstari hutikisika kwa kuzunguka kulia na ya sehemu nyingine kushoto. Hale aliweka mbele ya spektografu kipande cha kioo na fuwele vinavyopitisha aina moja na kuzuia nyingine. Alipovigeuza, sehemu iliyokuwa inaonekana ilififia na mwenzake ikatokea. Nguvu aliyopima ilikaribia gauss 3,000, wakati ya Dunia ni takriban nusu gauss.

Baadaye, pamoja na wenzake, aligundua kwamba ncha za sumaku za madoa hubadilishana katika kila kipindi cha miaka 11, hivyo mzunguko kamili huchukua miaka 22.

Hakufanikiwa katika kila kipimo. Uga wa Jua zima aliukadiria kuwa gauss 50 kwenye ncha. Katika miaka ya 1950 Harold na Horace Babcock, wakitumia nuru hiyohiyo iliyopolaraizwa na vifaa vya umeme, walipata gauss 1 hivi.

Maradhi ya neva yalimlazimisha kuacha ukurugenzi mwaka 1923. Darubini ya mita 5 ya Palomar, aliyoitafutia fedha, ilizinduliwa mwaka 1948 ikapewa jina lake.